Kitanzi Ndani ya Kitanzi: Anza na Karatasi, Kibodi Baadaye

Wanaoanza kujifunza kuandika programu, kwa jinsi ninavyowaona ninapowasaidia, huelewa kitanzi kimoja, yaani sehemu ya programu inayorudiwa mara kadhaa, bila taabu kubwa, lakini wakiambiwa wachape piramidi ya nyota (alama ya *) kwenye skrini hukwama. Mara nyingi kinachowakwamisha si kanuni za lugha ya programu, bali ni kukimbilia kibodi kabla ya kuhesabu. Hubadilisha namba hapa na kuongeza moja pale, wakiendesha programu tena na tena hadi umbo litokee kwa kubahatisha, na ukiwauliza kwa nini limetokea hawana jibu.

Ushauri wangu ni kuanza na karatasi. Chora piramidi ya mistari 5, kisha kando ya kila mstari andika namba yake, idadi ya nafasi tupu zilizoko kushoto na idadi ya nyota. Mstari wa 1 una nafasi 4 na nyota 1, wa 2 una nafasi 3 na nyota 3, wa 3 una nafasi 2 na nyota 5, na hivyo hivyo hadi wa 5, ambao hauna nafasi yoyote na una nyota 9. Ukizitazama namba hizo utagundua kwamba namba ya mstari ikijumlishwa na nafasi zake daima hutoa 5, kwa hiyo nafasi ni 5 kutoa namba ya mstari. Nyota nazo ni mara mbili ya namba ya mstari kutoa 1. Ukishazipata kanuni hizo mbili, sehemu ngumu imekwisha. Kwa lugha ya programu ya Python, programu yenyewe ni hii:

n = 5
for mstari in range(1, n + 1):
    for nafasi in range(n - mstari):
        print(" ", end="")
    for nyota in range(2 * mstari - 1):
        print("*", end="")
    print()

Kitanzi cha nje kinashughulikia mistari tu, na vile viwili vya ndani vinajaza kilichomo katika mstari mmoja, kimoja kikimaliza nafasi kabla ya kingine kuanza nyota. Amri ya mwisho, ile print isiyo na kitu ndani, ndiyo inayoshusha mstari, na mahali ilipo pana uzito: ukiisogeza kulia hadi iwe ndani ya kitanzi cha nyota, kila nyota itajikuta peke yake kwenye mstari wake. Kumbuka pia kwamba range, inayotoa namba za kuhesabia mizunguko, huishia kabla ya namba ya mwisho, ndiyo maana nimeandika n + 1.

Nimevipa vigeu, yaani majina yanayoshika thamani kama mstari na nyota, majina yenye maana makusudi. Herufi i na j zimezoeleka, lakini kwa anayeanza hufanana mno, na katika lugha kama C, kutumia kigeu kimoja kwa vitanzi vyote viwili kunaweza kuifanya programu imalizike mapema au isimalizike kabisa.

Anayetumia while, kitanzi kinachorudia maadamu sharti lake ni kweli, badala ya for ana mtego mwingine, nao ni kuweka nyota = 1 juu ya kitanzi cha nje. Mstari wa kwanza unachapwa sawasawa, kigeu kinafika 2, kisha hakuna anayekirudisha 1. Katika mstari wa pili, kitanzi cha ndani kinaendelea kutoka pale kilipoishia na kuchapa pungufu ya kinachotakiwa. Kihesabio cha kitanzi cha ndani lazima kianzishwe upya ndani ya kitanzi cha nje, kila mzunguko.

Atatokea mtu wa kukuonyesha kwamba Python inaweza kuandika "*" * 9 bila kitanzi cha ndani. Ni kweli, lakini njia hiyo ya mkato inakunyima zoezi lenyewe, nami ningeiahirisha hadi uweze kuandika piramidi bila kuangalia popote.

Baada ya hapo jaribu almasi, yaani piramidi ikifuatiwa na ile iliyogeuzwa yenye mistari n - 1, ili mstari wa katikati usirudiwe. Mraba wenye uwazi ndani unahitaji sharti badala ya kanuni mpya: chapa nyota ikiwa uko kwenye mstari au safu ya kwanza au ya mwisho, vinginevyo chapa nafasi.

Kila umbo lijaribu kwa n ikiwa 1, kisha 2, kabla ya 5, kwa sababu makosa ya kuzidisha au kupunguza moja huonekana upesi kwenye umbo dogo. Kwa piramidi kuna kipimo cha ziada: jumla ya nyota zote ni n mara n, yaani 25 kwa mistari 5. Kama jumla ni sahihi na kila mstari una nafasi zake lakini umbo bado limepinda, angalia fonti, kwa kuwa baadhi yake huipa nafasi tupu upana usiolingana na wa nyota.