Andika Alipoanzia: Kwa Wahadhiri Wasaidizi Wanaoanza Kutahini Vitendo

Jana nilipitia fomu za tathmini mlizojaza baada ya mtihani wa vitendo wa dansi na uigizaji. Wanafunzi ni 22, na 14 kati yao wameandikiwa sentensi ileile: "Amejitahidi, aongeze bidii." Mmoja ameandikiwa "Ana kipaji", basi. Nilikasirika kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyaandika mimi, tena kwa miaka, na najua yalimfikisha wapi binti mmoja. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla alama hazijakwenda kwenye bodi, tukae kidogo.

1. Andika mwanafunzi alipoanzia.

Wiki ya kwanza, kabla hujafundisha lolote, mrekodi kila mmoja kwa video ya dakika mbili. Atembee, aruke na kutua, ageuke, aseme mistari michache kwa sauti yake ya kila siku. Kamera isimame mahali pamoja, na miguu ionekane yote. Usimpe alama. Weka rekodi hiyo kwenye faili lake na uifunge.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, nikapewa kundi moja kwa dansi na uigizaji. Palikuwa na kijana ambaye mwili wake ulifika chuoni umeshaiva. Ukimwonyesha mfuatano wa hatua mara moja, ameushika. Palikuwa pia na binti aliyeingia mabega yamepanda karibu na masikio. Akiruka, anatua kwa kishindo, visigino havigusi sakafu, magoti yanaingia ndani. Alikuwa akihesabu mapigo kwa midomo, na ungeweza kuzisoma hesabu zake ukiwa safu ya mwisho.

Kwa mihula minne nilimpa kijana A na binti C. Nilijiona mwadilifu kabisa, maana niliwaweka bega kwa bega na tofauti ilikuwa wazi. Kila muhula nilitazama aliye bora nani, sikutazama aliyesogea nani.

Mtihani wa mwisho, binti alicheza peke yake kwa dakika nne. Karibu na mwisho alikuwa na mruko mmoja mrefu. Siwezi kuwaeleza alivyotua, kwa sababu sikuona. Nilikuwa nimeinama nikimalizia fomu ya mwanafunzi aliyemtangulia. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshasimama akisubiri taa izimwe. Nikaandika C, kwa kuwa C ndiyo ilikuwa alama yake siku zote.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Hakuja kulalamikia alama. Alisema, "Mwalimu, naomba unieleze nimebadilika wapi. Nahisi nimebadilika, ila sijui ni wapi." Nikafungua faili lake mbele yake. Mistari minne, mmoja kwa kila muhula, na yote inasema kitu kimoja: amejitahidi. Nikaanza kubabaisha, nikamwambia kujiamini kwake kumeongezeka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema "Asante, mwalimu", akarudisha kiti mahali pake, akatoka. Muhula uliofuata alikuwa amehamia programu nyingine.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu mmoja, akisafisha stoo, alikuta rekodi ya jioni ya kuwakaribisha wanafunzi wapya wa mwaka ule. Tuliiweka sambamba na rekodi ya mtihani wa mwisho. Kwenye ya kwanza, binti anatua na kipaza sauti kinanasa kishindo. Kwenye ya pili anatua na husikii kitu: vidole vya miguu kwanza, kisha nyayo, kisha kisigino, magoti yamesimama juu ya vidole, mabega yametulia chini. Midomo imefunga. Mihula minne ya kazi ya mtu ilikuwa pale, na mimi mwalimu wake sikuwa na neno hata moja la kumwambia.

Kisha tukamtazama kijana. Alikuwa yuleyule. Mruko uleule, na tabia ileile ya kumaliza kila kipande cha dansi kwa kuinua kidevu. Sikuwa nimemfundisha chochote, na A zangu nne zilimwambia hana la kujifunza. Niliwakosea wote wawili.

Nilimtafuta binti nikamwonyesha zile rekodi. Alizitazama mara mbili. Akasema, "Kumbe." Hakurudi kwenye dansi.

2. Tenganisha kiwango alichofikia na umbali aliosafiri.

Ni safu mbili tofauti kwenye rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kupimia. Kila moja ina uzito gani katika alama ya mwisho, hilo liamuliwe na idara na liandikwe kwenye muhtasari wa kozi kabla muhula haujaanza, mwanafunzi alisome. Nimeona baadhi yenu mkiongeza alama mbili tatu kimyakimya kwa mtu aliyepambana. Nawaelewa, ni huruma. Lakini mwanafunzi huyo atabaki anaamini ameshaweza kile ambacho bado hajakiweza, na mwongozaji wa kwanza atakayekutana naye hatamhurumia.

Jihadharini pia na mng'ao. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu yake mwaka 1920 baada ya kuchunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyependeza kwa sifa moja alipandishwa katika zote. Kwetu ni hivyohivyo. Mwanafunzi akishakushangaza kwa mruko, unampa alama za sauti ambazo hukuzisikia. Pima kigezo kimoja kwa wanafunzi wote, kisha urudi kwenye kingine. Kama kuna video, hilo linawezekana kabisa.

3. Andika ulichoona.

Mmoja wenu ameandika "hana uwepo jukwaani". Nilimwuliza, uliona nini hasa? Akasema, "Anaangalia sakafu kila anapomaliza kusema mstari wake." Sasa hiyo ndiyo tathmini! Hiyo mwanafunzi anaweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Uwepo ataufanyia kazi vipi?

Kwa dansi, Rudolf Laban, mtaalamu wa nadharia ya mwendo wa mwili, alituachia maneno manne yanayotosha kuanzia: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Badala ya "hana hisia", andika kwamba anaharakisha kati ya kutua na kugeuka, uzito haujafika kwenye mguu wa kulia, ndiyo maana anayumba. Niliwahi kutahini na mwalimu wa zamani ambaye hakuwahi kutumia neno "nzuri" wala "mbaya" kwenye fomu. Wanafunzi wake walizihifadhi fomu hizo. Niliiona moja imebandikwa kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, imechakaa kingo.

4. Maoni ya katikati ya muhula ndiyo yanayofundisha.

Ya mwisho yanafunga hesabu tu. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alibuni mwaka 1990 utaratibu wa hatua nne ninaoutumia hadi leo: watazamaji waseme kilichowagusa, msanii aulize maswali yake, watazamaji waulize maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, kisha watoe maoni, tena kwa ruhusa ya msanii. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. "Kwa nini umeenda polepole mno?" si swali, ni hukumu iliyovaa kiulizi.

5. Mengine kwa haraka.

Watahini wawili waandike alama zao kabla hawajazungumza. Pumzikeni kila baada ya wanafunzi watano, na msijaze fomu ya mtu huku mwenzake yuko jukwaani. Hilo nimeshawaeleza kwa nini. Msimamizi wa jukwaa hapimwi kutoka kwenye viti vya watazamaji: ombeni daftari lake la kuendeshea onyesho, mwone kila agizo la taa na sauti limeandikwa wapi, kisha kaeni naye pembeni usiku mmoja mumsikilize akitoa maagizo. Shajara ya mazoezi ipimwe kwa uchunguzi uliomo, si kwa ufasaha wa lugha. Aliyeumia asicheze ili mpate alama. Anaweza kuchambua, kukumbuka mfuatano na kumwelekeza mwenzake, na yote hayo yana vigezo vyake.

Fomu nimezirudisha mezani kwenu. Rekodi za wiki ya kwanza za kundi hili hazipo, hilo limeshatupita. Lakini wanafunzi wenyewe wamejirekodi mazoezini tangu mwanzo, simu zao zimejaa. Waiteni mmoja mmoja, tazameni nao ya zamani zaidi na ya karibuni zaidi, kisha andikeni upya. Studio nitaifungua mapema hadi Ijumaa. Yule aliyeandikiwa "Ana kipaji", anzeni naye.