Sababu ya 13 si panga la kufyekea wapangaji

Kila kundi jipya la maafisa nyumba linapoingia kwenye halmashauri za England, mchezo ni uleule: mpangaji mlemavu kazikwa Jumatatu, Ijumaa notisi ya kumtoa mjane iko mezani inasubiri saini. Wadogo zetu, hebu shusheni kalamu kidogo.

1. Sababu ya 13 (Jedwali la 2, Sheria ya Nyumba ya 1985), ile ya kuiomba mahakama irudishe nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya mlemavu ikiwa mlemavu hayumo tena na mwingine anaihitaji, haigusi kila nyumba yenye chuma cha kushikia. Inataka vitu vinavyoitofautisha kwelikweli na nyumba ya kawaida: lifti inayopenya dari, reli ya kumnyanyulia mgonjwa, jiko lililoshushwa. Kiti cha kupandia ngazi hufunguliwa kikaondoka, kwa hiyo msikiegemee peke yake. Kwenye kesi ya Freeman dhidi ya Wansbeck iliyohusu haki ya mpangaji kununua nyumba ya halmashauri, Mahakama ya Rufaa iliona choo kilichoongezwa chini hakitoshi. Na bado mnatuletea picha za vyoo.

2. Msiichanganye na Sababu ya 15A, ile ya nyumba kubwa kupita mahitaji ya mrithi, ambayo notisi yake husubiri miezi 6 ipite baada ya kifo na isizidi 12. Ya 13 haina ngoja hiyo. Lakini matanga ni matanga, jamani.

3. Hili tunaliungama sisi wakongwe, maana tulilifanya kabla yenu, tena kwa kujiamini. Tuliandika kwenye faili: "uhitaji ni mkubwa, orodha ni ndefu." Tukaona tumemaliza. Hakimu hana haja na orodha. Atauliza nani anaingia. Kiti chake cha magurudumu kina upana gani, na mlango wa chumba unampitisha? Ana mtoto anayehitaji chumba cha pili? Halafu mnapekua faili hapohapo mbele ya mjane aliyemuuguza mumewe miaka, na mhitaji mliyemfikiria alishapewa nyumba kwingine tangu notisi itoke. Huna jina, huna kesi. Aibu yake hukaa mwilini.

Na hata jina likiwepo, mahakama lazima iridhike kwa mambo mawili yote: kwamba ni haki kumtoa, na kwamba makazi mbadala yanayofaa yatakuwepo. "Tutamtafutia" haihesabiki. Andikeni anwani, umbali hadi kazini au shuleni kwa watoto, umbali hadi kwa ndugu ikiwa ukaribu huo ni wa lazima, na kodi anayoimudu. Ripoti ya mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist, anayepima mtu anavyomudu kuishi nyumbani) iambatane na vipimo, pamoja na nafasi ya kugeuzia kiti. Kipenyo cha sentimita 150 ndicho tunachokitafuta.

4. Hesabuni wote wanaoishi humo. Mjukuu mwenye ulemavu wa mwili anayehitaji nyumba ya aina hiyo akiwa ni mkazi, Sababu ya 13 imekufa.

5. Kabla ya mahakama, ongeeni. Lipieni gari la vyombo, mazulia na fundi wa kuunganisha jiko. Wengi huhama wenyewe.

6. Siku funguo zinaporudi, bandikeni karatasi mlangoni: lifti, reli na bafu visiguswe. Fomu ya nyumba tupu ikiandikwa "rudisha hali ya kawaida", fundi atatii: atavunja bafu la sakafu bapa na kufunga hodhi jipya linalong'aa, na yule mwenye kiti cha magurudumu ataonyeshwa nyumba asiyoweza kuoga ndani yake.