Wanaokufa barabarani ni akina nani? Ushauri wa muuguzi kwa wakazi wa kando ya barabara kuu za Dodoma

Takwimu za Jeshi la Polisi zinaonyesha kwamba vifo vya ajali za barabarani nchini vilikuwa takriban 4,000 mwaka 2013, vikawa 3,256 mwaka 2016, na ilipofika mwaka 2021 vilikuwa vimeshuka chini ya 1,500. Tangu hapo vimeanza kupanda tena: mwaka 2023 walikufa watu zaidi ya 1,600, na mwaka 2024 zaidi ya 1,700. Wengi wetu tunazisikia hesabu hizi kwenye taarifa ya habari, tunasikitika, kisha tunaendelea na shughuli zetu, kwa kuwa picha inayotujia ni ya basi lililopinduka mahali fulani mbali na nyumbani. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanyia katika wodi za upasuaji na mifupa hapa Dodoma. Picha ninayoijua mimi ni tofauti, na ndiyo inayonisukuma kuandika ushauri huu kwa wakazi wenzangu wa Nzuguni, Ihumwa, Kizota, Nala, Mkonze, Msalato na popote barabara kuu inapopita karibu na mlango wa nyumba.

Ajali kubwa zinastahili kukumbukwa. Mwezi Mei 2017 taifa zima lilizizima baada ya wanafunzi zaidi ya 30 wa shule ya msingi kutoka Arusha kupoteza maisha kwa ajali ya basi huko Karatu. Wazee wa hapa wanaikumbuka vizuri Aprili 12, 1984, siku ambayo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Lakini vitanda vya wodi ya mifupa havijazwi na ajali za namna hiyo. Vinajazwa na kijana wa bodaboda aliyegongana na bajaji, abiria aliyekuwa amempakia, mama aliyekuwa anavuka kwenda gengeni, mzee wa baiskeli aliyepigwa na kioo cha lori, mtoto aliyetumwa dukani. Ajali inayoua mtu mmoja haitangazwi redioni, na kwa sababu hiyo watu wanaoongoza kwa kufa ndio tunaowazungumzia kidogo kuliko wote.

Hali hiyo si ya Dodoma peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 barabara ziliua watu milioni 1.19 duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki, yaani wale ambao hawana bati linalowakinga. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo kuliko ugonjwa wowote. Wanaume hufa mara tatu zaidi ya wanawake. Asilimia 92 ya vifo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari yote ya dunia. Linaloniumiza zaidi ni mwelekeo wenyewe: kati ya mwaka 2010 na 2021 vifo duniani vilipungua kwa asilimia 5, huku katika kanda ya Afrika ya shirika hilo vikiongezeka kwa asilimia 17.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo huwachanganya wasomaji wengi. Mwaka ule ambao polisi waliandika vifo 3,256, yaani 2016, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa Watanzania waliokufa kwa ajali za barabarani walikuwa 16,252. Tofauti hiyo haina maana kwamba kuna anayedanganya. Polisi huandika ajali zilizowafikia, lakini majeruhi wengi hubebwa na ndugu kwa bajaji moja kwa moja hadi zahanati, wengine hufia hospitali baada ya wiki mbili, na wengine hurudishwa kijijini na jeraha la kichwa na kuzikwa huko bila kituo chochote cha polisi kupata taarifa. Kwa utaratibu wa kimataifa, anayefariki ndani ya siku 30 kutokana na ajali huhesabiwa kuwa amekufa kwa ajali hiyo. Kwa hiyo takwimu ya polisi inatufaa kwa kuonyesha kama tunapanda au tunashuka, lakini asiwepo mtu wa kudhani kwamba 1,700 ndio mwisho wa misiba yetu.

Mji wetu una sababu zake za kuwa na tahadhari zaidi. Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya 2022, Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179. Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na nyumba zikaifuata barabara ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Iringa na ya Arusha hadi maeneo ambayo zamani yalikuwa mashamba ya mtama na alizeti. Barabara iliyokuwa nje ya mji sasa ndiyo njia ya kwenda sokoni, shuleni na msikitini, lakini bado inapitisha malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imejengwa ili kuyaondoa malori hayo katikati ya jiji, nami naifurahia, ila tusisahau kwamba nayo inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, mahali ambapo watu wanaishi na wataendelea kuvuka kwa miguu.

Kwa anayetembea kwa miguu, saa ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili usiku. Jua limezama, dereva anayeelekea Singida ametoka kupigwa na mwanga machoni, taa za barabarani hazifiki kila mahali, na watu wanarudi nyumbani kwa wingi. Msimu wa mavuno huongezeka mikokoteni ya punda iliyobeba mahindi au madumu ya maji bila alama yoyote nyuma. Mwenye mkokoteni, tafadhali nunua stika za kuakisi mwanga na uzibandike nyuma na ubavuni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na thamani ya punda mmoja, achilia mbali uhai wa anayemwongoza. Unayetembea, pita upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande huo yaje yakikutazama usoni, na jifunike nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa, kwa sababu kitenge cheusi au cha bluu iliyoiva hakionekani kabisa kwenye taa za lori.

Kwenye kivuko cha pundamilia, usiliamini gari la kwanza lililosimama. Majeruhi wengi niliowahudumia walipewa nafasi na dereva muungwana, wakatoka mbele ya gari lake, na pikipiki au gari lililokuwa linalipita lile lililosimama likawakuta katikati. Simama unapofika mwisho wa gari la kwanza, chungulia, ndipo uendelee. Mzazi naye asimwite mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Mtoto akisikia sauti ya mama hukimbia bila kutazama kulia wala kushoto. Mfuate wewe. Na dereva unayesoma hapa ujue kwamba kwa mwendo wa 50 gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, na kwa mwendo wa 80 hukata mita 22, kabla hata mguu wako haujagusa breki. Kibao cha 50 pale Ihumwa au Chamwino hakikuwekwa kwa ajili ya tochi ya trafiki na faini ya shilingi 30,000.

Sasa nije kwa bodaboda, ambako nina mengi ya kusema kwa kuwa ndiko vijana wetu wanakoishia. Helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara sita, na huweza kupunguza majeraha ya ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la muhimu ni "sawasawa." Helmeti nyingi ninazoziona hapa mjini zina mkanda uliokatika kifungo, umefungwa fundo la kamba ya manila ambalo halibani chochote, au dereva ameitundika kwenye kiwiko na kuivaa anapomwona trafiki, au amempa abiria helmeti iliyopasuka ndani, ikiwa imebaki ganda la nje tu bila sponji ngumu. Helmeti kama hiyo huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ukipewa, ingiza vidole viwili kati ya mkanda na kidevu: vikiingia vinne, ikaze au tafuta pikipiki nyingine. Wanawake wengi hukataa helmeti ya bodaboda kwa kuhofia kuambukizwa fangasi au kuharibu nywele, na hofu hiyo naielewa. Kitambaa chepesi au kofia ya plastiki ya saluni chini yake huondoa tatizo hilo.

Kina mama wengi tumezoea pia kukaa upande, na khanga au kitenge kikaning'inia karibu na tairi la nyuma. Nguo hunaswa kwenye spoku au cheni na kumvuta mtu chini kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Kaa kwa kupanda miguu pande zote mbili, au kusanya nguo yote mapajani na kuikalia. Mtoto asikalishwe juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva, kwa sababu pikipiki ikisimama ghafla, kifua chake ndicho kinachopokea usukani. Na ule mtindo wa mishikaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, hauokoi fedha yoyote. Nimeshaona familia ikiuza ng'ombe watano kulipia matibabu ya safari ambayo wangeigawa kwa pikipiki mbili.

Wamiliki nao wanahusika. Wengi wenu ni watumishi wenzangu ambao mmenunua pikipiki na kumkabidhi kijana kwa mkataba, naye anawaletea hesabu kila siku. Kijana anayedaiwa hesabu siku saba za wiki ataendesha akiwa na usingizi, ataendesha usiku wa manane, na ataovateki lori kwenye kona ya Mkonze ili awahi abiria mwingine. Mpeni siku moja ya kupumzika isiyo na hesabu, hakikisheni ana leseni kabla ya kumpa ufunguo, na mnunue helmeti mbili mpya pamoja na pikipiki.

Kuhusu mabasi nitasema machache. Funga mkanda hata ukikaa nyuma, na dereva akizidisha mwendo wa 80, abiria pazeni sauti pamoja, kisha pigeni simu kwa polisi au LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwa namba zilizobandikwa ndani ya basi.

Ajali ikishatokea, dakika za mwanzo huamua mengi. Usimkunje majeruhi ili aenee kwenye bajaji, wala usimwinue kwa kumshika kwapani na miguuni. Shingo na mgongo vikae katika mstari mmoja, na watu wanne au watano wambebe kwa pamoja juu ya ubao, mlango au godoro gumu. Panapovuja damu, kandamiza kwa nguo safi bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kumwaga damu zaidi ya lita moja ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, kwa hiyo majeruhi anayeongea vizuri lakini paja limevimba na uso umepauka asicheleweshwe hata kidogo. Usimpe maji wala soda, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Piga 112, namba ya dharura ya polisi.

Ndugu mkiwa wawili, mmoja abaki na mgonjwa na mwingine aende kituo cha polisi kufuatilia PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Matibabu ya dharura huanza kwanza, fomu hufuata, lakini msiiache: bila PF3 na taarifa ya polisi, ni vigumu sana kudai fidia kwenye bima ya gari lililogonga. Pigeni picha namba ya gari papo hapo, mwandike majina na simu za walioshuhudia, na msikubali kumaliza shauri kwa shilingi laki mbili kando ya barabara kabla daktari hajaeleza ukubwa wa jeraha. Naomba pia, kwa heshima zote kwa wazee wetu, msimtoroshe mgonjwa wodini kumpeleka kwa mganga wa kuunga mifupa kwa sababu mmechoka kusubiri upasuaji. Wengi hurudi kwetu baada ya miezi, mguu umeunga ukiwa mfupi au umeoza.

Mwisho, mtaa una nguvu kuliko tunavyodhani. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu mwaka 2017. Barua ikipelekwa kusikohusika hukaa tu kwenye faili. Mkutano wa mtaa ukikaa, mwombeni mwenyekiti aandike sehemu hasa ambapo watu wanavuka, shule au soko lililo karibu, na ajali zilizotokea hapo pamoja na tarehe zake, zikiwemo zile ambazo aliyegongwa alifia hospitali au nyumbani na hazikufika polisi. Ombeni kitu kimoja kinachotajika: tuta, rasta (mistari iliyoinuka ya kupunguza mwendo), kivuko, taa au njia ya waenda kwa miguu. Nakala ipelekwe kwa diwani na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, na atajwe kabisa kwenye muhtasari mjumbe atakayefuatilia jibu.