Unayedai mishahara na posho, hesabu siku zako kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kufungua madai wakati huna mkataba wa maandishi, na bosi kila wiki anakwambia "vumilia, hela inaingia". Nimepita hapo hapo. Nenda, tena wiki hii.

Nilikuwa dereva wa semi, Dar–Tunduma, miaka miwili. Siku moja gari likaegeshwa yadi, nikaambiwa nikae nyumbani nitaitwa. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu, 400,000 kwa mwezi, na posho za safari saba ambazo nilikula na kulala njiani kwa hela yangu. Nikapiga simu mwezi mzima na zaidi. Kumbe siku zinakwisha: madai ya mshahara na posho yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Kupinga kuachishwa kazi ni siku 30 tu, na hizo zilishanipita. Mwenzangu aliyeendelea kusubiri ilibidi aombe kwanza kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa, na "bosi aliniahidi" haikumsaidia kitu.

Kuhusu mkataba, usiogope. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuyaleta, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai. Lakini onyesha kwamba ulifanya kazi. Mimi nilibeba meseji za M-Pesa za mishahara ya nyuma, karatasi za mizani ya Vigwaza na Mpemba, na delivari zenye jina langu na sahihi ya aliyepokea mzigo. Hizo karatasi chafu za kwenye dashibodi ndizo zilizoniokoa.

Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampelekea mwajiri, na Tume unaipelekea ushahidi kwamba ameipata. Sekretari wa ofisini kwetu alikataa kugonga muhuri, nikatuma kwa rejista ya posta na risiti nikaitunza.

Kwenye usuluhishi walikuja na 900,000 na karatasi imeshachapwa: "sina madai mengine". Mkuu, karatasi ya namna hiyo usiisaini ukiwa na njaa. Msuluhishi hahukumu, anawakutanisha tu; kwa hiyo nenda na hesabu yako, mwezi kwa mwezi, safari kwa safari. Tulimaliza kwa 1,850,000, awamu mbili. Kinachoniuma hadi leo ni nauli. Niliajiriwa Mbeya, na sheria inamtaka mwajiri akurudishe ulikochukuliwa au alipe nauli. Sikuiandika kwenye fomu. Andika kila kitu: likizo ambayo hukwenda, notisi, nauli. NSSF nenda mwenyewe ukaangalie kama michango ilipelekwa.

Awamu ya pili ilichelewa. Makubaliano yaliyosainiwa pale yanatekelezwa kama hukumu, kwa hiyo niliwaambia naenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba utekelezaji. Siku ya nne hela ikaingia.

Niandikie tarehe uliyoambiwa ukae nyumbani, tuhesabu umebakiza siku ngapi.