Mazoezi au ushauri nasaha kwa mwanajeshi mstaafu mwenye COPD? Vyote viwili, wiki hiyo hiyo

Umeuliza mzee wako aanze na lipi. Ni mwanajeshi mstaafu, ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), ameandikiwa mazoezi na pia kupangiwa mshauri nasaha, na siku hizi hata dukani haendi kwa kuogopa kubanwa pumzi. Jibu langu: aanze vyote wiki moja, na ikiwezekana siku moja. Hofu yake inaishi kwenye pumzi. Akikalishwa kitini azungumze tu, atakubaliana na kila neno la mshauri, kisha ngazi za ploti zitamrudisha pale pale. Akipewa mazoezi peke yake, ataacha siku ya kwanza atakayodhani anakufa.

Kinachotokea kifuani ni hiki. Njia za hewa zimebana, kwa hiyo hewa hutoka polepole. Akishtuka huhema haraka, anavuta nyingine kabla ile ya kwanza haijatoka. Hewa inakwama ndani, kifua kinabaki kimejaa, na nafasi ya kuvuta inakwisha. Ndiyo maana watu wa nyumbani wanapomwambia "vuta pumzi ndefu" wanamzidishia shida. Mwambieni "toa kwanza". Avute kwa pua akihesabu mbili, atoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, akihesabu nne. Asipulize kwa nguvu, kwa sababu kulazimisha hewa hubana zile njia zaidi.

Kabla ya kuanza, daktari amkague moyo, hasa kama ana maumivu ya kifua au alizimia karibuni. Nunueni oksimita ya kidoleni, kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo hata mtu mzima wa afya huweza kusoma chini kidogo kuliko wa Mombasa. Ikishuka chini ya 88 akitembea, asimame, na daktari aambiwe. Kidole kikiwa baridi au kina hina, namba haiaminiki. Tena vifaa hivi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo 89 au 90 isiwape usingizi.

Sasa pimeni mwendo wake. Tafuteni sehemu tambarare ya mita 30, wekeni alama mbili, atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, akipumzika anapotaka huku saa ikiendelea. Tuseme amefika mita 240. Hiyo ni mita 40 kwa dakika. Aanze na asilimia 80 ya kasi hiyo, yaani mita 32 kwa dakika. Atembee dakika 2, apumzike 1, mpaka dakika za kutembea zifike 20. Mara tatu kwa wiki, wiki 8 au zaidi. Kama ana pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, na daktari ameruhusu, aitumie dakika 15 hivi kabla, kwa kutumia speisa, kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na pampu. Ugumu wa pumzi uwe 4 mpaka 6 kati ya 10: anaweza kusema sentensi fupi, kuimba hawezi.

Hapa ndipo wanajeshi hukwama. Wamezoea kutosimama. Siku nzuri anajisukuma mpaka macho yanaingia giza, halafu siku mbili yuko kitandani, na hofu imepata ushahidi mpya. Kwa hiyo saa ndiyo itoe amri. Dakika 2 zikiisha anasimama, hata kama anajiona ana nguvu. Wazee hawa wakipewa ratiba iliyoandikwa huifuata vizuri kuliko maneno ya kubembelezwa.

Mazungumzo yaingie hapo hapo. Kabla ya kutembea aandike kwenye daftari: hofu ni ngapi kati ya 10, na anadhani nini kitatokea. "Nitaanguka kabla ya geti." Atembee. Akisimama, bonyezeni saa na mhesabu pumzi inachukua muda gani kutulia. Aandike, na aandike pia kama alianguka. Baada ya wiki chache daftari hilo ndilo mshauri analifungua mezani, kwa dakika 30 hadi 40 baada ya mazoezi. Mzee hawezi kubishana na mwandiko wake mwenyewe. Mtaalamu wa viungo na mshauri wasome daftari moja, la sivyo mmoja atamwambia apumzike na mwingine ajikaze.

Ngazini: avute hewa amesimama, apande vidato viwili akitoa, asimame tena. Mikono juu ya kichwa huchosha haraka, maana misuli ya mabega ndiyo inayosaidia kupumua. Kwa mikono, chupa ya maji ya nusu lita inatosha, atoe hewa wakati wa kuinua. Kwa miguu, kukaa na kusimama kitini mara 8, mizunguko miwili.

Kama kubanwa kunakuja na kumbukumbu za vitani au ndoto za kutisha, atafutwe mshauri aliyesomea kiwewe. Yasichimbuliwe njiani akiwa anahema. Muulizeni pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, na akisema ndiyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kuachwa peke yake. Diazepam ya kununua duka la dawa msimpe. Inaweza kupunguza kupumua kwenyewe.

Hofu hutulia akipumzika. Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, homa, midomo kuwa ya buluu, kuchanganyikiwa, au pampu kutosaidia: hiyo si hofu, ni hospitali.

Atembee wapi? Ndani ya mtaa, au kwenye bustani za Arboretum na City Park mkiweza, si kando ya Jogoo Road kwenye moshi wa matatu. Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi, asubiri saa nne, afunike pua kwa skafu. Jiko la makaa litoke nje, na sigara ziishe. Hospitali ya jeshi, Defence Forces Memorial, iko kwenye barabara iliyozoeleka kama Mbagathi Way. Kama anatibiwa huko, ombeni kliniki ya viungo na ya nasaha zipangwe siku moja, nauli iwe moja.

Akiugua na kulazwa, msisubiri apone kabisa ndipo arudi. Aanze tena ndani ya wiki 4 baada ya kutoka hospitalini, daktari akikubali, kwa nusu ya dakika alizoachia, na ukurasa mpya wa daftari.