Injini ya supachaja inagonga: chomoa waya mmoja kabla ya kushusha injini

Toyota Mark II GX81 yenye injini ya 1G-GZE, iliyowekewa puli ndogo ya supachaja (pampu ya belti inayosukumia injini hewa) ili ipate nguvu zaidi, ikianza kugonga, jibu linalotangulia kwenye gereji nyingi ni "metali zimekwisha", yaani beringi za krenki na konrodi. Injini inashushwa, metali mpya zinaingia, gari linawashwa, na kwenye mlima wa kwanza linagonga vilevile. Hela imeshakwenda, na pistoni zinaendelea kuumia. Ndiyo maana tunasisitiza ujue kwanza ni mlio gani unaousikia, ndipo ushike spana.

Kugonga kwa moto ni petroli na hewa iliyobaki pembeni mwa silinda kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Presha inaruka ghafla na kuta za silinda zinalia. Mlio ni mwembamba na mkali, kama kokoto ndani ya kopo la bati, na hutokea injini ikiwa na mzigo: mlimani, ukipita lori, au ukikanyaga mafuta gari likiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo. Ukiachia mafuta unakatika papo hapo. Metali za konrodi zikiisha, mlio ni mzito, unafuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, na mara nyingi unazidi unapoachia mafuta kwenye RPM 2,500 hadi 3,000. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi na kupungua injini ikishapata moto. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikivuja hutoa mlio wa tiki-tiki ambao wengi huudhania ni vali.

Sasa huo waya. Supachaja ya SC14 iliyo kwenye 1G-GZE ina klachi ya sumaku kwenye puli, sawa na ile ya kompresa ya AC, na kompyuta ndiyo inayoamua iingie lini. Zima injini, chomoa soketi ya klachi, funga ncha ya waya kwa tepu isiguse bodi, kisha washa. Puli itazunguka lakini roli za ndani zitasimama, na hewa itapita kwenye njia yake ya pembeni. Gari litakuwa zito, liendeshe taratibu. Mlio ukibaki vilevile hata ukiwa sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), supachaja haina kosa, hamia kwenye injini. Mlio wa kusaga ukitoweka gari likiwa limesimama, angalia beringi na oili ya supachaja yenyewe, kwa kuwa ina oili yake isiyochangamana na ya injini. Na kama kinachotoweka ni ule mlio wa mlimani tu, basi ni kugonga kwa moto, na busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na supachaja, ndiyo inayousababisha. Supachaja ya kufungia isiyo na klachi, toa belti, lakini angalia kwanza kama belti hiyohiyo inazungusha pampu ya maji. Kama inazungusha, usizidishe dakika moja.

Ukishuku metali, acha injini sailensa na uchomoe soketi za nozeli zinazopuliza petroli, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio unapungua unapoikata ndiyo yenye konrodi mbovu. Hapo gari lisiende tena barabarani, hata kwa kilomita tano.

Tubaki na kugonga kwa moto, maana ndiko pesa nyingi inakopotea. Injini ya 1G-GZE ilitoka Japani ikiwa na kompresheni ya 8.0 kwa 1, ikitegemea petroli ya kule yenye oktani ya juu (uwezo wa kutolipuka yenyewe), ambayo huuzwa ikiwa karibu 100. Hapa kwetu haijazwi hiyo. Ongeza joto la pwani. Tuseme hewa inaingia ikiwa na nyuzi 32, jambo la kawaida Tanga kuanzia Desemba hadi Machi, na supachaja hii ya aina ya Roots inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 55. Kwenye busti ya 8 psi hewa inatoka ikiwa na takriban nyuzi 105. Badilisha puli ufikie 12 psi, inatoka ikiwa na takriban 135. Puli ndogo pia inazungusha roli kwa kasi zaidi na ufanisi unashuka, kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa mbaya kuliko hesabu hii. Intakula ndiyo inayotegemewa kushusha joto hilo, na ukiwa unapanda Mombo kwenda Lushoto, kona kwa kona, gia ya pili, mwendo mdogo, inapata upepo kidogo sana. Mwenye gari anasema "mjini halina tatizo". Ni kweli, mjini halina.

Kwa hiyo, jambo la kwanza kukagua ni mapezi ya intakula na rejeta. Magari yanayopita barabara za vumbi kwenye mashamba ya mkonge hurudi na udongo mwekundu uliogandia ndani ya mapezi, na ukiangalia kwa nje huuoni. Mulika tochi kwa nyuma. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, usipige moja kwa moja kwa mashine ya kuoshea magari, mapezi yatalala.

Kisha toa plagi zote sita uzipange kwa namba za silinda. Chukua kioo cha kukuzia. Kwenye kauri nyeupe tafuta vidoa vyeusi vidogo kama vya wino, na vitone vinavyong'aa. Vile vinavyong'aa ni aluminiamu ya pistoni, na ukiviona usiendelee na majaribio ya barabarani: pima kompresheni kwanza. Fyuzi ya pampu ya petroli itolewe, throtoli iwe wazi kabisa, na silinda zisipishane zaidi ya psi 15 hivi. Silinda iliyozidi wenzake ina kaboni au oili. Iliyopungua, mwagia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi ndizo zimeumia. Isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Wakati wa kurudisha plagi, panda hatua moja ya ubaridi. Kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, mfano kutoka 6 kwenda 7. Kwa Denso ni kutoka 20 kwenda 22. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 hadi 0.8, maana presha ya busti huzima cheche yenye nafasi pana.

Petroli sasa. Funga geji kwenye reli ya nozeli na mpira mrefu ili uisome ukiwa ndani ya gari. Regeleta nzima huongeza presha sambamba na busti: ikiwa ni bar 3 mpira wake wa vakyumu ukiwa umechomolewa, basi kwenye 8 psi, yaani bar 0.55, isome karibu 3.55. Ikibaki palepale kwenye 3, mpira wa regeleta umepasuka au umeunganishwa mahali ambapo busti haifiki. Ikishuka, ni filta au pampu. Mchanganyiko chini ya busti uwe kati ya 11.5 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli, na hilo lipimwe kwa sensa ya waidibendi. Ile sensa ya kawaida ya eksozi haisomi eneo hilo. Kuhusu mafuta yenyewe, petroli ya vidumu au iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inashusha oktani vibaya sana. Mwaga tanki, jaza lita 20 kutoka kituo chenye wateja wengi, rudia jaribio. Chupa za kuongeza oktani zisome vizuri: "pointi 30" kwa kawaida ni oktani 3, siyo 30.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, isomwe kwa taa yake, vituo TE1 na E1 vya soketi ya uchunguzi vikiwa vimeunganishwa kwa waya mfupi. Toyota nyingi za enzi hizo hutaka digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini usiiamini alama ya puli ya krenki bila kuihakiki, kwa sababu raba iliyo kati ya pete mbili za puli huchoka na pete ya nje huteleza. Ingiza kijiti cha mbao kwenye tundu la plagi namba 1, zungusha kwa mkono hadi pistoni ifike juu, uone kama alama imekaa kwenye sifuri.

Waya huohuo wa TE1 na E1, swichi ya funguo ikiwa ON na injini haijawashwa, hufanya taa ya injini ipepese makosa. Mipepeso 5, kituo kifupi, kisha 2, ni namba 52, mzunguko wa sensa ya kugonga. Chumvi ya bahari hula soketi hiyo. Ukiona ukijani kwenye shaba, kata uunganishe upya. Sensa ikae kwenye chuma safi, bila washa ya ziada wala tepu ya nyuzi, na usiweke ya injini nyingine kwa sababu tu inaingia. Silinda ya milimita 75 kama hii hulia karibu kilohezi 7.6, na sensa za aina ya zamani zilitengenezwa kusikia masafa ya injini yake tu.

Masikio ya kusaidia ni rahisi kutengeneza. Chukua bomba la shaba la milimita 8, urefu wa sentimita 15, ponda ncha moja, itoboe, uifunge kwenye bolti ya bloku karibu na silinda za katikati. Ncha ya pili vaa mpira wa petroli wa mita 3, mbali na eksozi na feni, uingie dirishani hadi kwenye vikinga masikio vya kiwandani vilivyotobolewa. Anayesikiliza awe abiria. Barabara ikiwa tupu, gia ya tatu, anzia RPM 2,000 na ongeza mafuta pole pole huku mkitazama geji ya busti. Mlio wa kwanza ukisikika, achia, andika busti na RPM.

Ukisikia mlio, usikimbilie kurudisha taimingi nyuma hadi gari liwe zito na eksozi iive. Rudisha puli ya kiwandani, rekebisha ulichokikuta, kimoja kimoja, na urudie kipimo kila mara. Angalia pia mpira wa intakula kwa ndani: ukiwa umelowa oili, sili za supachaja au vali ya kupumulia injini inaingiza mvuke wa oili, na mvuke huo unashusha oktani ya kila unachojaza. Kwa petroli ya pampu na joto hili, sisi hatuvuki 8 psi kwenye injini hii bila kompyuta iliyotuniwa upya. Ukimaliza, endesha kilomita 20 zenye mzigo, zima, toa plagi, na kauri zote sita ziwe safi bila kitone hata kimoja kinachong'aa.