Noah iliyomaliza mkopo: uza au baki nayo?

Kaka, umeuliza kama uuze hiyo Noah (gari la Toyota) ya njia ya Kigoma–Kasulu. Usiiuze kwa sababu ya kelele za miguu tu, yaani sehemu zinazoshika magurudumu chini ya gari, maana mkopo umeshaisha. Bushi (raba za viungo), boljointi (viungo vya kugeukia) na shokapu (vya kuzuia gari kuruka-ruka) ndivyo vipuri vya miguu, na ni vitu vya kuisha, na mashimo ya njia za vijijini huvimaliza mapema. Ukifunga vipya gari linatulia.

Kinachoamua ni injini, giaboksi na bodi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, fungua kifuniko cha kuwekea oili: mvuke ukitoka kwa kusukuma, na ekzosi inatoa moshi wa bluu, ringi za pistoni ndani ya injini zimechoka. Chomoa dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi inayonuka kuungua ni dalili mbaya zaidi, maana giaboksi ya otomatiki ni ghali. Kisha ingia chini na bisibisi, chokoa pale miguu ilipofungwa kwenye bodi. Ikizama, kutu imeshakula, hapo uza tu.

Vyote vikiwa vizima, jumlisha matengenezo ya miezi 12, linganisha na marejesho ya mkopo mpya pamoja na bima kubwa (inayolipa hata gari lako lenyewe likiharibika) ambayo benki huidai. Mara nyingi kubaki nayo ndiyo nafuu. Ile hela uliyokuwa ukirejesha kwenye mkopo endelea kuitenga kila mwezi, iwe ya matairi na spea.